Riwaya ya Upelelezi: Tumwulize Nini Mwandishi Maktabani?

UTANGULIZI

Makala haya ni somo fupi kuhusu riwaya ya upelelezi, na hasa kuhusu namna ya kuzungumza na mwandishi wake ana kwa ana.

Mwandishi anapotoa riwaya mpya, mara nyingi hualikwa katika maktaba ya umma. Husoma kurasa chache, mwenyekiti humwuliza maswali mawili matatu, kisha wasikilizaji hupewa nafasi. Sisi wa Dundori hatuko mbali na nafasi kama hizo. Ukipanda matatu ukateremka Lanet, hata Nakuru umefika, na maktaba ya umma iko. Basi siku tutakapoketi mbele ya mwandishi, tusikae kimya kama maji mtungini. Tena tusimame na swali la maana, si lile la "Mwalimu, umelipwa pesa ngapi?"

Najua wako wanaosema riwaya hizi ni za kupoteza wakati. Katika mijadala ya chama tumesikia hoja kwamba vitabu vya wezi na wauaji hufundisha wizi na uuaji, kwa hivyo visiwekwe katika sanduku letu la vitabu. Hoja hiyo ni nzito, na haifai kujibiwa kwa kicheko. Jibu langu ni hili: riwaya ya upelelezi iliyoandikwa vizuri hufundisha jambo ambalo vijiji vyetu vinalihitaji sana, yaani kutafuta ushahidi kabla ya kutoa hukumu. Nitajaribu kuonyesha.

RIWAYA YA UPELELEZI NI NINI?

Ni hadithi ndefu ambayo ndani yake kuna uhalifu, kuna washukiwa, kuna mpelelezi, na kuna dalili zinazomwongoza mpelelezi mpaka kwa mkosaji. Hadithi nyingine huanza mwanzo zikaenda mwisho. Hii huanza karibu na mwisho, mtu ameshauawa au mali imeshaibwa, halafu hurudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta ilikuwaje. Ndiyo maana mbinu ya kisengere nyuma na ile ya taharuki tunazosoma darasani zimejaa humu tele.

Wataalamu wengi huanza hesabu mwaka wa 1841, wakati Mmarekani Edgar Allan Poe alipochapisha hadithi yake ya mauaji ya Paris. Mwaka wa 1887 daktari mmoja Mskochi, Arthur Conan Doyle, akamleta duniani Sherlock Holmes, mpelelezi wa kuvuta kiko na kuchunguza hata majivu ya tumbaku. Mwaka wa 1929 padre Mwingereza, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za uandishi huu. Mbili kati ya hizo tuzikumbuke. Ya kwanza, mizimu na miujiza isitumiwe kueleza uhalifu. Ya pili, mpelelezi asiwe na dalili ambayo msomaji hakuonyeshwa. Kwa maneno mengine, mwandishi acheze mchezo wa haki. Akishinda, awe ameshinda huku kadi zote ziko mezani.

BWANA MSA NA ASILI YA MAKTABA ZETU

Katika Kiswahili, jina la kutaja kwanza ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918, akafariki mwaka wa 1991. Alikuwa mwandishi wa magazeti, na kuanzia 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Ndiyo, aliyetuletea mpelelezi wa kwanza mashuhuri wa Kiswahili mchana alikuwa akishughulika na habari za mashamba. Watoto wa wakulima wa Dundori tusijidharau.

Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la mwaka wa 1957 na 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake Nairobi. Ikachapishwa mwaka wa 1960. Baadaye zikafuata nyingine, kama vile Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Tazameni werevu wa jina lile la kwanza. Tajiri anakutwa ameuawa mahali panapoogopwa, penye mzimu. Watu wako tayari kuamini nguvu zisizoonekana. Bwana Msa anakuja na kiko chake pamoja na rafiki yake Najum, na yeye hatafuti pepo. Anatafuta mtu mwenye mikono na miguu, mwenye sababu ya kuua. Kanuni ya Knox ya kukataza mizimu, Abdulla aliigeuza ikawa ndiyo kiini cha kitabu: mzimu umo katika jina na katika vichwa vya watu, lakini haumo katika ushahidi. Nani aliua? Sisemi. Kasome.

Sasa kuna jambo ambalo pengine wengi hawalijui. Shirika hilo hilo la Literature Bureau, lililoanza kazi mwaka wa 1948, halikuchapisha vitabu tu. Lilikuwa pia na huduma za maktaba, likapeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta hadi kwa wasomaji wa mbali. Bunge la Kenya lilipounda bodi ya huduma za maktaba za taifa mwaka wa 1965, bodi hiyo ilikuja kuirithi kazi hiyo. Kwa hivyo Bwana Msa na maktaba za umma ni kama ndugu waliolelewa na mlezi mmoja. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi akiketi maktabani leo, ameketi kwao.

Hatungeweza kumaliza sehemu hii bila kuwataja waliofuata. Faraji Katalambulla wa Tanzania alimtoa Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo (1965). Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), ingawa huyo ni jasusi zaidi kuliko mpelelezi wa kawaida. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango. Vitabu hivi vilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Kitabu kinachosomwa mpaka kikararuka hakikuwapotezea watu wakati wao.

KENYA: VITABU VITATU VYA KUFIKIRIA

Huku kwetu mifano yenye nguvu iliandikwa kwa Kiingereza, lakini mafunzo yake yanavuka lugha.

(a) Mwaka wa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alitoa Petals of Blood. Kinaanza kama riwaya ya upelelezi kabisa. Matajiri watatu, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe, wamekufa kwa moto katika mji wa Ilmorog. Inspekta Godfrey anakuja, na watu wanne wanashukiwa. Lakini kadiri uchunguzi unavyoendelea, msomaji anaanza kuuliza maswali makubwa kuliko lile la nani aliwasha kiberiti. Ardhi ya wanakijiji ilikwenda wapi? Waliokufa walipataje mali yao? Mwezi wa Julai mwaka huo kitabu kilizinduliwa hadharani katika City Hall, Nairobi, na mgeni wa heshima alikuwa Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Mwisho wa Desemba mwaka huo huo mwandishi alikamatwa, akazuiliwa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Sababu inayotajwa sana ni mchezo wa Ngaahika Ndeenda, aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Tunajifunza nini? Kwamba mwandishi kuzungumzia kitabu chake mbele ya watu si jambo dogo la burudani. Kuna wakati mwandishi hulipia maneno yake kwa uhuru wake. Mimi na wewe tunaoweza kuinua mkono na kuuliza bila hofu tuitumie nafasi hiyo vizuri.

(b) Mwaka wa 1984 John Kiriamiti alichapisha My Life in Crime. Huyu hakuwa mpelelezi, alikuwa mwizi wa kutumia nguvu, aliyehukumiwa mwaka wa 1971 kifungo cha miaka 20 na akatoka gerezani mwaka huo wa 1984. Katika kitabu anajiita Jack Zollo. Hapa ndipo walimu wengine hupata hoja yao, maana mwizi anasimulia kwa ladha na vijana wanacheka. Lakini ngoja kwanza. Mwaka wa 1989 mwandishi huyo huyo alitoa My Life with a Criminal, na humo msimulizi ni Milly, msichana aliyempenda mtu asiyejua kwamba ni jambazi. Soma vyote viwili, utaona tofauti. Kilichokuwa ujasiri katika kitabu cha kwanza, katika cha pili ni usiku wa kungoja, uongo mezani na aibu mbele ya majirani. Habari ni zile zile, msimulizi amebadilika, na hukumu yako nayo imebadilika. Sidhani kuna somo zuri kuliko hilo kuhusu nafsi ya msimulizi.

(c) Mwaka wa 2009 Mũkoma wa Ngũgĩ, mwanawe Ngũgĩ, alitoa Nairobi Heat. Mpelelezi Ishmael, Mmarekani mweusi, anafuata kesi ya mauaji kutoka Marekani hadi Nairobi, na kesi yenyewe inagusa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka wa 1994. Hapo uhalifu mmoja unafungua mlango wa uhalifu mkubwa kupita kiasi. Nani atasema tena kwamba riwaya za aina hii ni za mchezo?

MFANO WA NYUMBANI: MAGUNIA YA VIAZI

Ili somo hili lieleweke, na tujitungie kisa chetu. Ni cha kubuni, asitafutwe mtu.

Tuseme ni msimu wa kuvuna viazi, au waru kama tunavyoviita huku. Usiku una ukungu mzito. Asubuhi mzee mmoja anakuta magunia matatu hayamo ghalani, kila moja la kilo 50. Habari inaenea kabla chai haijachemka. Kabla ya saa mbili watu wameshampata mwizi: ni yule kijana wa kibarua aliyekuja juzi kutoka mbali, hana ndugu hapa, na jana aliulizia bei ya viazi. Mtu anasema "ni yeye," wa pili anasema "hata mimi niliona macho yake," wa tatu ameshaokota fimbo.

Hapo ndipo mwandishi wa upelelezi hunyanyua mkono na kusema, ngojeni. Anatuonyesha mambo yafuatayo:

1. Kufuli la ghala halikuvunjwa. Funguo ni mbili. Mmoja hukaa mfukoni mwa mzee na mwingine hutundikwa jikoni.
2. Mbwa hakubweka usiku kucha. (Conan Doyle aliitumia dalili ya mbwa aliyenyamaza katika hadithi yake moja ya mwaka wa 1892, na mpaka leo haijachuja.)
3. Kuna alama za magurudumu ya mkokoteni, nazo zimezama sana katika tope. Mvua ilianza kunyesha saa sita usiku.
4. Kijana wa kibarua alilala kwa jirani, pamoja na vibarua wengine wawili, na mlango ulifungwa kwa ndani.
5. Kifungua mimba wa mzee anasema alirudi nyumbani saa tatu usiku, kabla ya mvua, akalala moja kwa moja. Viatu vyake vya mpira viko mlangoni, vina tope bichi hadi kwenye vifundo.

Msomaji mwenzangu, kadi ziko mezani. Fikiri kabla hujaendelea.

Mbwa hunyamazia mtu anayemjua. Kufuli hufunguliwa na mwenye kuujua ufunguo wa jikoni. Tope halingezamisha magurudumu kabla ya mvua, kwa hivyo mkokoteni ulipita baada ya saa sita. Na mtu aliyelala kabla ya mvua hawezi kuamka viatu vyake vikiwa na tope bichi. Dalili zote zinakataa kuelekea kwa mgeni. Zinarudi nyumbani.

Hadithi mbaya ingeishia hapo, mwizi amepatikana, watu wapige makofi. Hadithi nzuri inaendelea kuuliza kwa nini. Pengine kijana wa nyumba ile ana deni la duka analolificha. Pengine ni karo ya mdogo wake, na mama anajua lakini amenyamaza. Na swali lililo zito kuliko yote ni hili: kama wale wenye fimbo hawangengoja, yule kibarua angekuwa wapi saa hizi? Tunajua jinsi mambo haya yanavyokwenda nchini mwetu. Wako watu waliopigwa hadi kufa, wako waliochomwa kwa tairi, na wengine baadaye ikaonekana hawakuwa na kosa. Ukweli ukija baada ya moto hauna wa kumwokoa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, Ibara ya 50, inasema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Riwaya ya upelelezi hutufanya tuyaishi maneno hayo kwa kurasa mia mbili, kwa sababu kila mara tunamshuku mtu asiye na hatia, na kila mara kitabu kinatuaibisha kwa upole. Hiyo ndiyo faida yake. Haraka haraka haina baraka, hata kidogo.

MASWALI YA KUMWULIZA MWANDISHI

Sasa tuko maktabani. Mwandishi amesoma kurasa zake na mwenyekiti amesema, "Karibuni maswali." Tumwulize nini?

Kwanza kuna la kutouliza: "Muuaji ni nani?" Walio nyuma yako hawajakisoma kitabu, na mwandishi ametoa jasho kuificha siri hiyo. Kumlazimisha aitoe ni sawa na kuonja chakula cha arusi kabla ya wageni. Hata ukiwa umeshakisoma, uliza kwa namna isiyofichua.

Yafuatayo ndiyo ya kuuliza:

1. Dalili ulizificha vipi bila kutudanganya? Swali hili humfanya mwandishi aeleze kazi ya mikono yake. Atakuambia alikoweka kidokezo katikati ya maelezo ya chakula, au katika maneno ya mhusika ambaye hakuna aliyemjali.

2. Kwa nini ulimchagua msimulizi huyu? Kumbuka Jack Zollo na Milly. Uliza pia ni nani katika kitabu ambaye hakupewa nafasi ya kusema.

3. Aliyeuawa alikuwa mtu gani? Katika vitabu hafifu, maiti ni kama kigoda cha kuanzia hadithi tu. Katika vitabu vizuri, marehemu alikuwa na mama, kazi na madeni, na tunamsikitikia.

4. Uliyajuaje mambo ya polisi, ya daktari na ya mahakama? Mwandishi mwenye bidii aliuliza watu, alikaa kortini, alisoma. Usikubali jibu la "nilifikiria tu" bila kuuliza tena kwa heshima.

5. Kwa nini uhalifu huu, na kwa nini mahali hapa? Ngũgĩ hakuwaunguza matajiri wake mahali popote tu. Ilmorog ilikuwa na historia, na moto ule uliitoa nje.

6. Aliyeshukiwa bure alirudije kwa majirani zake? Hili nalipenda kuliko yote, maana vitabu vingi hulisahau. Mkosaji amefungwa na mpelelezi amewasha kiko chake, lakini yule aliyesingiziwa bado anapaswa kuchota maji mtoni pamoja na wale waliomwita mwizi.

Muulizaji asimame, ajitambulishe kwa kifupi, aulize swali moja, aketi. Hotuba tuwaachie wenye hotuba. Na aliye na daftari aandike majibu, kwa sababu ripoti ya ziara nzuri huwa makala ya gazeti la mwaka unaofuata.

HITIMISHO

Tumeona kwamba riwaya ya upelelezi ina kanuni zake, ina historia ndefu katika Kiswahili, na ina undugu na maktaba zetu tangu mwanzo. Tumeona pia kwamba inaweza kubeba mambo mazito kama ardhi, vita na haki. Kwa wale wanaotaka itolewe katika sanduku la chama, ombi langu ni moja tu: tutofautishe kitabu kinachomsifu mwizi na kitabu kinachotufanya tupime ushahidi. Cha kwanza tukijadili kwa ukali, hata tukikataa. Cha pili tukilinde, tukisome, na tukipeleke nyumbani kwa wazee pia.

MAZOEZI YA KIKAO KIJACHO

(i) Kiandike kisa cha magunia ya viazi kwa ukurasa mmoja, msimulizi akiwa yule kijana wa kibarua.

(ii) Kiandike tena, msimulizi akiwa mama wa nyumba ile anayejua lakini amenyamaza. Linganisha hisia zako katika visa vyote viwili.

(iii) Ongeza dalili moja ya kupotosha, lakini isiwe uongo. Mwenzako asome, kisha aseme ni wapi alipoteleza.

(iv) Jadilini: "Mpelelezi anayetegemea uvumi hana tofauti na umati wenye fimbo." Upande wa kuunga na upande wa kupinga, kila msemaji apewe dakika tatu.